Masale Matatu ya Mpakani

Watu wa kwetu Meru hawamshiki kinyonga. Nimewaona wanaume waliomfukuza chui zizini kwa mienge na kelele, lakini wakikutana na kinyonga njiani wanatema mate pembeni na kuzunguka kwa mbali. Wanasema ni mkosi. Mimi nilimshika kwa mkono wangu wa kulia kila siku isipokuwa Jumapili, na hakuna aliyenilazimisha. Nilimshika kwa sababu nilikuwa mjuaji.

Hayo yalikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na ndevu, ingawa pale kazini niliitwa boi. Shamba lilikuwa la kahawa, chini ya mlima, upande wa Tengeru, mali ya mzungu mmoja asiye na maneno mengi. Kazi yangu ilikuwa kupogoa mibuni. Siku moja mkewe, tuliyemwita memsahib kama tulivyowaita wote, alikuja katikati ya mistari ya kahawa na kikapu mkononi, akauliza nani anaweza kumkamatia kinyonga wa pembe tatu, yule wa huku kwetu mlimani. Wenzangu wakatazama miguu yao. Mimi nikasema, "Mimi, memsahib." Jioni ile kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, hakuna aliyekubali kunywa na mimi kibuyu kimoja.

Memsahib hakuwa na mtoto. Mumewe alishinda shambani na jioni alikaa na chupa yake, hasemi. Yeye alikaa barazani akichora picha za wadudu na majani, na alipompata kinyonga wa kwanza akaacha mengine yote. Alitaka kumi. Alitaka niwajengee matundu, kila mmoja na lake, maana madume yakiwekwa pamoja hupigana kwa zile pembe hadi mmoja akatobolewa jicho. Nilitembea hadi mjini, nikapita Kijenge hadi kwenye duka la Mhindi, nikarudi na wavu wa chuma begani. Matundu nikayapanga barazani, yana kimo cha kifua changu, na kila mguu wa tundu nikausimamisha ndani ya kopo la mafuta ya taa ili siafu wasipande.

Nikaona kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kinyonga hakai chini. Ukimwacha kwenye sakafu ya ubao anazungukazunguka mpaka anakufa kwa kuchoka. Anaishi juu ya tawi, na tawi lenyewe liwe la kadiri yake: likiwa nene mno mguu haulizunguki, likiwa jembamba mno linapinda naye anabadilika rangi kwa hofu. Yapangwe mengine yamelala, mengine yameinama, apate mahali pa jua asubuhi na mahali pa kujificha mchana. Hayo hakunifundisha mtu. Nilikaa nikawatazama.

Kwanza nilitumia matawi ya mibuni, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo, nimeyapogoa mwenyewe. Wakafa wanne kwa wiki moja. Memsahib alilia. Mimi nikazunguka yale matundu kutwa nzima kabla sijakumbuka kwamba kahawa ya mzungu hunyunyiziwa mrututu, ile dawa ya buluu ya kuzuia ugonjwa, na mrututu hukauka kwenye gome usionekane. Nikayachoma yote. Nikaleta matawi ya mpera, magumu, laini, yasiyo na dawa. Vinyonga wakayapanda vizuri. Lakini sasa wakawa hawanywi maji.

Kinyonga hajui bakuli ni nini. Hunywa tone lililo juu ya jani. Na tawi lililokatwa, hata uliweke kwenye maji, siku ya pili majani yake yamelala, ya tatu yameanguka. Niliyabadilisha kila siku mpaka nikachoka. Kilichotakiwa ni mti ulio hai, unaokaa kwenye debe, wenye matawi ya kukanyaga na majani ya kushika maji. Memsahib aliniambia, "Wewe tafuta." Nami nilijua mti huo. Niliujua tangu siku ya kwanza, na nilinyamaza.

Mti huo ni isale. Kwa asiyekuwa wa huku, isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, shina lake halifi haraka. Ukilichomeka ardhini linashika, ukilisahau kivulini mwezi mzima bado lina uhai. Wazee walilichagua kwa sababu hiyo. Linapandwa mpakani, kati ya kihamba, yaani shamba la migomba la urithi, cha huyu na kihamba cha yule, na likishapandwa linasema kuliko karatasi. Linapandwa kaburini. Na mtu akikukosea kisha akakuletea jani la isale, huwezi kukataa kumsamehe, hata moyo uwe unawaka. Kwetu jani hilo lilikuwepo kabla ya kanisa, na kanisa lilipokuja halikulikataza.

Memsahib aliyaona masale mwenyewe. Alikuwa ametoka kwenye matembezi yake ya farasi upande wa juu, akashuka mashavu mekundu. "Ile mti ya kwenye mpaka ya watu," akasema. "Jani yake nashika maji. Kwa nini hapana leta hiyo?"

"Hiyo si mti ya kuchezea, memsahib. Ni desturi yetu."

"Ni mti tu," akasema, wala si kwa dharau. Alisema hivyo kama mtu anayekutoa hofu. "Leta mzee. Ile ya matawi mingi."

Alikuwa amenipata. Isale changa ni fimbo moja iliyosimama, haina pa kupanda. Isale lenye matawi, lililopindapinda, lenye vifundo, hilo ni lile lililozeeka, na masale yaliyozeeka yako mpakani peke yake. Angesema leta lolote ningemletea fimbo changa yakaisha. Lakini mimi mwenyewe nilikwisha kuliona tundu lile kichwani mwangu, na isale kuu katikati, na matawi ya mpera yakitoka ubavuni, na kinyonga akipanda kutoka kwenye jua kwenda kivulini bila kukanyaga wavu. Niliipenda ile kazi. Nasema wazi, niliipenda kuliko nilivyopenda kupogoa, kuliko kulima kwetu. Nilitaka lile tundu.

Sasa niseme habari za nyumbani. Baba alikuwa amefariki. Tulimzika ndani ya kihamba, chini ya migomba, hatua chache kutoka mpaka wa juu. Juu ya mpaka huo alikaa binamu yake, niliyemwita baba mdogo, na yeye mwenyewe alishika sepetu siku ya kuchimba kaburi. Mpaka ulianzia kwenye isale lililo kando ya mfereji wa maji, ukapanda kuzunguka kona yenye masale matatu ya kale, kisha ukashuka hadi kwenye isale lililo chini ya mti wa mringaringa. Ile kona ilikuwa kama kiwiko cha mkono. Ndani ya kiwiko hicho ndimo lilimokuwa kaburi la baba, na kati ya kaburi na masale palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kulala.

Mama aliisafisha nafasi hiyo kila Jumamosi. Aling'oa magugu, akafagia. "Hapa ni pangu," aliniambia zaidi ya mara moja. "Mkono wake wa kushoto, kama kitandani. Sitaki pengine." Hakuwahi kuniomba kitu kikubwa maishani mwake, ila hicho.

Nilikwenda Jumapili, mama yuko kanisani. Niliwaza hivi: nikichukua masale ya mtu mwingine ni wizi, nikichukua ya mpaka wetu nimechukua chetu. Ni wazo la mtu aliyekwisha kuamua. Mtoto wa kwetu anajua kwamba mpaka si wako; ni wenu wawili, na hata ukitaka kuusogeza ndani kwa hasara yako mwenyewe, unamwita mwenzako mkasimama wote. Mimi nilijua. Nikayang'oa yote matatu, na mizizi yake, kwa jembe, na jasho likanitoka kwa sababu yalikuwa yameshika hasa. Mashimo nikayafukia. Juu yake nikachomeka vipande vitatu vya shina, kila kimoja urefu wa mkono, nikasema vitaota, isale halifi. Kisha nikayafunga yale makuu kwa kamba za migomba, nikayabeba hadi Tengeru.

Tundu lilikuwa zuri. Hata leo nikifumba macho nikaliona, linanichoma, lakini siwezi kusema uongo kwamba halikuwa zuri. Niliyapanda kwenye madebe matatu yenye udongo mweusi wa msituni, nikayaingiza katika tundu moja kubwa kuliko mengine, nikawaweka humo majike. Nikinyunyiza maji asubuhi, matone yalikaa kwenye kikonyo cha jani mpaka saa sita, nao wakanywa huku wamefumba macho. Memsahib alimwita mumewe aje aone. Mzungu yule akaja, akatazama, akasema neno moja la kwao, akaondoka. Memsahib akaniambia kwamba mumewe amesema vizuri.

Mama aliporudi kutoka kanisani siku ile niliyoyang'oa alikuwa ameona. Jioni nilipofika nilimkuta amesimama pale konani na nguo zake za ibada.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimeyaazima. Nimeacha vipande, vitaota."

"Yameenda wapi?"

Nilimwambia. Hakupiga kelele. Alivitazama vile vijiti vitatu, kisha akasema, "Yarudishe. Mvua za masika zikianza, yawe yamekwisha kurudi. Mwanangu, yarudishe."

Nikaahidi. Na ahadi ile nilikuwa na nia nayo. Sikuwa mwovu, nilikuwa mjinga mwenye kiburi, na sijui kipi ni afadhali. Mawingu yalipoanza kukaa juu ya mlima nilimwendea memsahib nikamwambia masale yanatakiwa nyumbani. Akaninyamazisha kwa kidole, akanivuta hadi kwenye tundu. Jike moja lilikuwa limelala juu ya isale la katikati, tumbo limetuna, halitaki kusogea. Kinyonga yule wa kwetu hatagi mayai, huzaa watoto wazima.

"Wewe ngoja yeye nazaa," memsahib akasema. "Ukitoa mti sasa, yeye nakufa, na mtoto yote. Ngoja kidogo."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi. Mama aliuliza kila Jumamosi, na mimi nilijibu kila Jumamosi kwamba bado kidogo, mama, kuna mnyama mwenye mimba. Mara ya mwisho alinitazama kama asiyenijua, akachukua ufagio wake akaenda kufagia pale mahali. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na haraka ya kurudi kazini nikaone kama amezaa. Jumamosi zilizofuata sikupanda nyumbani kabisa, nililala huko huko shambani.

Alizaa mvua zikielekea kuisha. Walidondoka mmojammoja, kila mmoja mdogo kuliko kucha, na kila mmoja akaamka pale pale akaanza kupanda isale. Memsahib alipiga makofi kama msichana. Alinipa sweta la mumewe, la sufu, zito. Nikalivaa nikapanda nalo mlimani nikiwa nimefurahi, nikisema kesho nakuja na mkokoteni, nayarudisha yote matatu.

Nilipofika konani vile vijiti vyangu havikuwepo. Palikuwa pamelimwa. Mistari miwili ya miche ya kahawa, iliyopandwa na mvua na kwisha kushika, ilitoka kwa baba mdogo ikashuka moja kwa moja, kutoka upande wa mfereji hadi kwenye mringaringa. Kiwiko hakikuwepo tena. Mstari wa chini ulipita hatua moja chini ya miguu ya baba yangu. Kaburi lake lilikuwa ndani ya kihamba cha mtu mwingine, na mahali pa mama palikuwa na miche minne. Mpaka leo sijui kama vijiti vile viliondolewa na mbuzi au na mkono wa mtu.

Mama alikuwa ameona miche ile inapandwa. Alimwendea baba mdogo akamsihi, naye akamjibu kwa upole kwamba mpaka ameung'oa kijana wako, shemeji, mimi nimefuata masale yaliyobaki. Nilimuuliza mama kwa nini hakunitumia habari. Akasema, "Ulikuwa na mnyama mwenye mimba."

Tukaenda mbele ya mshili, mkuu wa ukoo wetu, mzee aliyejua kila mgomba wa upande ule. Wazee walikaa, mbege ikaletwa kama ilivyo ada. Baba mdogo alisema machache. Kisha mshili akanigeukia.

"Nani aliyang'oa masale?"

"Ni mimi."

"Ulimwita mwenzako wa mpakani?"

"Sikumwita."

"Uliyapeleka wapi?"

Nilitaka ardhi ipasuke. "Kwa mzungu, mzee. Kwenye tundu la vinyonga."

Watu walicheka. Kicheko kilikuwa kikubwa, kikazunguka, kisha kikakatika chenyewe, mmoja baada ya mwingine wakakumbuka ni nini nilichokitaja. Isale la mpakani, lililopandwa na babu zao, limekanyagwa na kinyonga. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alisogeza kigoda chake. Nilimtazama baba mdogo nikamuuliza mbele ya wote, "Wewe ulichimba kaburi lile. Hukumbuki ulisimama upande wa nani?" Akainamisha kichwa, akasema, "Nakumbuka nilichimba. Mpaka sikuutazama, nilikuwa na msiba." Alidanganya, na kila mtu pale alijua, na hakuna aliyeweza kumwambia, kwa sababu ushahidi wenyewe nilikuwa nimeubeba begani hadi Tengeru.

Mshili akasema mpaka utafuata masale yaliyosimama. Kaburi lisilimwe, liheshimiwe. Lakini ardhi ni ya mwenye kihamba cha juu. Mama alijifunga kanga yake vizuri, akatangulia kurudi nyumbani.

Siku iliyofuata nilichuma jani kutoka kwenye tundu, kwenye isale lile la katikati, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikampelekea mama. Nilipiga magoti jikoni. Alilitazama lile jani, akanyoosha mkono akalipokea, maana halikataliwi. "Nimekusamehe," akasema. Kisha akaliweka juu ya kinu na kuniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Na mimi nitalala wapi?"

Nililia pale jikoni, mwanaume mwenye ndevu, na sweta la mzungu mwilini.

Baada ya hapo mama alianza kupungua. Hakuugua kwa jina la ugonjwa wowote. Jumamosi alichukua ufagio akatoka, akafika kwenye kahawa ya baba mdogo, akasimama, akarudi. Nilimwomba baba mdogo mara tatu amruhusu mama alale pale, ni mahali pa mtu mmoja tu. Mara zote alinijibu kwamba akizikwa mtu wetu pale, wajukuu zangu watakuja kudai ardhi kwa kaburi lile. Na hilo lilikuwa kweli. Ningefanya hivyo mimi mwenyewe.

Huku Tengeru, memsahib naye akashikwa na kifua. Msimu wa baridi ulipoingia mumewe akampeleka kwao, na shamba likauzwa. Aliniaga kwa mkono na kuniambia nifungue matundu. Nikayafungua yote. Vinyonga hawakutoka. Walikaa juu ya masale yangu milango ikiwa wazi, siku baada ya siku, wengine wakafa hapo hapo kwa baridi, wengine siku moja wakawa hawapo. Mwenye shamba mpya alitaka matundu yale yawe ya kuku. Akasema madebe niyatupe.

Wiki ile ile mama akafa. Tulimzika chini ya mstari, upande uliobaki kuwa wetu, karibu kadiri tulivyoweza. Baba mdogo alikuja na sepetu, akachimba, akatoka jasho, na nilimwacha achimbe kwa sababu ndiyo desturi.

Watu walipoketi baada ya maziko, mshili alisimama. Alisema sasa kuna makaburi mawili na miche katikati, na watoto watakaozaliwa watagombana. Mpaka upandwe masale leo, watu wakiwa wamekusanyika na wanaona. Na akasema atakayepanda ni yule aliyeng'oa.

Nilishuka hadi Tengeru kwa miguu, nikayatoa kwenye yale madebe. Yalikuwa yamenenepa. Udongo wa msituni na maji ya kila asubuhi yalikuwa yameyafaa. Yalikuwa na majani mengi kuliko siku niliyoyachukua. Nikayabeba hadi juu nikayapanda nilipoonyeshwa, kati ya makaburi yale mawili, moja kichwani, moja katikati, moja miguuni, baba huku na mama kule. Baba mdogo alisimama upande wake, mimi upande wangu, kama inavyotakiwa. Yote matatu yameshika.